Filme Vile Karoli Aliisema

Blanketi ikinyeshewa kidogo halafu ipate joto ya jua, inatoa harufu moja hivi ya mbuzi, na ya sabuni, na ya watu wenye walilala. Mi nikisikia hiyo harufu siko tena Gitega. Niko Muyinga, mu sale ya paruwasi, ukumbi wa kanisa, nimekaa chini, mkono wangu iko mu mkono wa nyokuru, bibi yangu, na mbele yetu iko ukuta mweupe wenye unataka kuanza kusema.

Bon. Juzi mjukuu wangu Divine alitundika blanketi ku dirisha ya salo juu ya jua, ilikuwa inapiga televizyo, hatuoni kitu. Alikuwa amerudi kutoka masomo na kaflash kake kamejaa filme, nyingine za zamani sana. Blanketi yenyewe ilikuwa imeshikwa na mvua ku kamba asubuhi. Basi harufu ikaingia mu salo. Halafu ku televizyo ikatokea mlima, na juu ya mlima nyumba ndefu nyembamba yenye mikono minne, mikono mikubwa, inazunguka polepole.

"Mawe weee!" nikapiga kelele. "Simamisha! Hii naijua!"

"Bibi, utaijua wapi?" Divine anacheka. "Hii ni ya zamani, hata rangi haina."

"Na mi ni wa zamani, hata meno sina. Acha iende."

Jirani yetu Mama Shukuru, Mkongomani wa Uvira mwenye anauzisha vitenge ku soko, alikuwa amekuja kuomba chumvi. Akasimama ku mlango.

"Munaangalia filme gani?"

"Ya maiti anarudi kwake," nikamwambia.

"Yesu! Mama, unaingiza mapepo mu nyumba na mchana wote huu?"

"Ingia uwaone, wako wapole."

Hakuingia. Na hakwenda. Alibaki pale pale ku mlango na kikombe chake cha chumvi, kichwa iko ndani, miguu iko nje.

Nyinyi wenye umri wangu mtanielewa. Hawa watoto wa sasa wanaangalia filme wamelala, kidole inasukuma mbele, inasukuma mbele, wanatafuta wapi watu wanapigana. Divine alishaanza kulalamika. "Bibi, haina kitu hii. Mtu anaangalia mlango tu, anaangalia mlango tu, hakuna kinaingia!" Nikamwambia, ndo hapo penyewe, mtoto, we kaa. Kama kitu kingeingia mara moja ungeogopa mara moja, halafu ungeenda kukojoa ukalala. Huyu mwenye alitengeneza hii filme alijua kuchelewa. Mi nimesimulia hadithi maisha yangu yote, watoto wa mtaa mzima wamekojoa ku mkeka wangu juu ya fisi na majitu, na nakwambia, kuchelewa ndo kazi ngumu kuliko zote. Kuonyesha fisi ni rahisi. Ngumu ni kuonyesha mlango.

Sasa niwaambie nilivyoiona mara ya kwanza, juu bila hiyo filme sijui kama ningekuwa hapa na kubishana na mtu.

Baba yangu alikuwa anapakia mizigo ku malori pale Kobero, ku mpaka. Siku moja lori moja likamchukua kwenda kupakua mbali huko Tanzania. Akashikwa na homa, akakufa huko. Wenzake wakamzika huko huko, pembeni ya barabara, wakarudi wakatuletea koti yake na habari. Mama akapiga kelele, majirani wakaja, kilio ikaanza.

Na kilio haikuisha.

Kwetu kilio iko na mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Mkiwa ndani, jembe haigusi udongo, mbegu haiingii chini, mmekaa tu. Halafu siku ikifika, mkubwa wa nyumba anaita watu, wanakunywa impeke, ile pombe ya mtama, wananyoa vichwa, wanasema maneno ya marehemu, halafu jembe inarudi shambani. Inaitwa kuganduka. Ukishaganduka umerudi kwa wazima. Ukilima kabla hujaganduka, watu wanasema umeenda kuita kifo kingine, kije ndani, kikae.

Mkubwa wa nyumba kwetu alikuwa nyokuru Sabina, mama ya baba yangu. Na Sabina akakataa.

"Koti si mtu," anasema. "Mi sikuona kaburi. Nani aliona kaburi? Wapakiaji! Wapakiaji wanakunywa mpaka wanaona ng'ombe iko na mbawa. Siwezi kugandukia koti."

Mvua ya kupanda ikaanguka. Majirani wakapanda maharage. Maharage ya majirani ikatoa jani, ikatoa jani lingine. Ku shamba letu ilikuwa nyasi, na nyasi yenyewe ilikuwa na afya nzuri, inatucheka. Mama alikuwa anakaa ku mlango anaangalia kule ng'ambo kwa majirani vile mtu mwenye njaa anaangalia mtu mwingine anatafuna.

"Mama mkwe, mvua iko inapita."

"Ipite. Ni ya Mungu, itarudi."

"Hawa watoto watakula nini?"

"Watakula chenye wanakulaka watu wenye hawakuzika."

"Basi nitalima. Leo."

"Lima, mukazana wangu, mke wa mwanangu. Lima kabisa. Mtoto wa kwanza akishikwa na homa, usije kuniamsha."

Na ile jembe, nyokuru alikuwa ameitoa mpini, kichwa ya jembe akaificha chini ya mkeka wake mwenyewe. Alikuwa anailalia. Mama hakuwa mwoga, hapana, nimemwona akimfukuza mbwa kichaa na mwiko. Mais, lakini mtoto akishikwa na homa utasema nini? Utasema ulijua? Mama akarudi ku mlango. Sufuria yetu ikaanza kupika majani ya maboga, kesho majani ya maboga, kesho kutwa maji yenye ilipikiwa majani ya maboga.

Mi sasa, mtoto. Nilikuwa wa upande gani, mnafikiri? Wa nyokuru! Tumbo inalia, lakini niko wa nyokuru. Juu mi nilielewa hivi: kama kilio haijafungwa, baba hajamaliza kukufa. Iko mu njia. Kifo ni safari, anaenda, mais mtu akiwa bado njiani anaweza kugeuka, si ndiyo? Kigoda chake kilikuwa ku moto, mi nilikuwa nakipanguza vumbi kila siku, hakuna mtu anakaa. Siku moja Mama alikaa bila kufikiri, nikamsukuma. Mama yangu mzazi! Alinitazama, hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Ndo hapo sinema ikakuja.

Padri alitangaza mu misa: iko filme inakuja, maisha ya mtakatifu. Mtakatifu si sherehe, kwa hiyo hata watu wa kilio wanaweza kuona. Mama alikataa kutoka. Nyokuru Sabina alifunga kitambaa chake cheusi, akanishika mkono, tukaenda. Tulienda mchana, baada ya misa. Walitundika blanketi ku madirisha yote ya sale, blanketi zenyewe zilifuliwa haraka, mbichi bado, na jua ya nje inazipika. Nje, moteri ya umeme inanguruma. Watu wamejaa mpaka ku altare ya mbao. Mwenye mashine ya filme alikuwa mgeni, hajui Kirundi, hajui Kiswahili, anajua tu kuzungusha vitu vyake. Na mara padri mwenyewe akaitwa kwa mgonjwa wa kupaka mafuta, akaenda na pikipiki yake.

Akabaki Karoli.

Karoli alikuwa fundi wa cherehani ku soko, na Jumapili mwalimu wa dini, na siku ya filme ndo mdomo wa filme. Filme zilikuwa zinasema Kifaransa, sisi tunasikia mavumbi tu. Karoli anasimama ku ukuta na fimbo yake, anasikiliza, anageuza: Kiswahili kwa watu wa mtaa, na maneno mawili matatu ya Kirundi kwa wazee. Bila Karoli hakuna filme, iko tu vivuli vinafungua mdomo. Na alikuwa rafiki ya baba yangu. Ile koti yenye walituletea, yeye ndo aliishona.

Filme ikaanza. Mlima, nyumba ya mikono minne. Mwanaume amebeba gunia ku bega.

"Huyu mwenye munaona," Karoli anaelekeza na fimbo, "ndo mtakatifu. Alikuwa anasagisha unga kwa maskini. Ile nyumba ni mashine ya unga, inasukumwa na upepo."

Watu wakafanya ishara ya msalaba. Nyokuru akafanya mara mbili.

Halafu mtakatifu akakunywa chupa. Akatukana ndugu yake. Akamshika shati.

"Watakatifu wote walianza na dhambi," Karoli anasema, mais sauti yake imeshuka.

Halafu mtakatifu akaonekana amelala chini, macho wazi, amekufa.

"Amekufa... mapema."

Wakamzika. Wakachukua kamba, wakafunga ile mikono minne ya mashine, kabisa, mafundo makubwa. Mke wake akavaa nyeusi, akakaa ku dirisha. Na hapo ile mashine, na kamba zake zote, ikaanza kuzunguka. Polepole. Upepo hakuna, mti wa pembeni umesimama kama askari, na mashine inazunguka.

Karoli akashusha fimbo. Unasikia moteri tu.

"Bon," Karoli akasema. "Huyu si mtakatifu. Nafikiri padri amepewa sanduku ya wengine."

Ah, tulicheka! Mzee moja nyuma akapiga kelele: "Iache iende! Magoti yamekwisha kuuma!" Mwingine: "Mimi nimeshamwomba huyu, nani atanirudishia maombi yangu?" Hata nyokuru Sabina, mwenye hakucheka tangu ile koti ifike, bega lake likatikisika mara moja.

Halafu unga ukaanza kuanguka.

Nakwambieni kweli ya Mungu, mi sikujua theluji ni nini. Niliona kitu nyeupe kinaanguka kutoka juu, kimefunika paa, kimefunika miti, kimefunika njia yote. Na mashine ya unga inazunguka. Nikajua: maiti ndo anasagisha. Anasagisha kwa nchi nzima, unga unashuka mpaka ku magoti ya watu, na wale wazungu wajinga wanaukanyaga na viatu! Hakuna moja anainama kuokota!

"Nyokuru," nikamwambia, "angalia unga! Twende tuchote!"

"Nyamaza."

"Hakuna mtu anaokota, nyokuru!"

Akanifinya. Mais macho yake haikuwa kwangu. Ku ukuta, mu ule unga, zilikuwa zinatokea nyayo. Mtu humwoni. Nyayo tu. Moja, halafu nyingine, zinatoka ku makaburi, zinakuja ku nyumba ya yule mke. Mguu mmoja unavuta. Zinakuja tu, za kurudi hakuna. Na ku mlango iko mbwa wa ile nyumba. Sasa hapo mfanya filme mwingine angemfanya mbwa abweke, si ndiyo? Mbwa anabweka, muziki unalia, watu wanaruka. Huyu hapana. Mbwa akasimama, akatingisha mkia. Akafurahi! Akalamba mkono wenye haupo!

Mi mpaka leo nikifikiria ule mkia nywele zinasimama. Divine mwenyewe, juzi, tulipofika hapo, aliacha kuchezea telefone. Nilimwona tu.

Na hapo mu sale mi nikasimama, mtoto mdogo, nikauliza kwa nguvu: "Mwalimu Karoli! Kwa nini harudi kulala?"

Watu wakasema ssss. Ku ukuta wanaume wawili wa kofia walikuwa wanaongea Kifaransa, mengi, haraka haraka. Karoli alikuwa anawasikiliza. Akageuka. Akanitazama, halafu akamtazama nyokuru wangu na kitambaa chake cheusi, akamtazama muda. Wale wanaume wa kofia hakuwasikiliza tena.

"Mtoto ameuliza vizuri," akasema. "Na hawa ndo wanajibu. Wanasema, huyu mwanaume harudi kulala juu hajapewa ruhusa. Alikufa, wakakataa kumaliza kilio chake. Wanamwambia bado, bado. Basi kila siku anatoka, anavuta huo mguu, umechoka, mnaona unavyovuta? Anakuja ku mlango kuuliza: mumemaliza? Naweza kwenda? Na hakuna mtu anamjibu isipokuwa mbwa."

Sale nzima: "Yoo."

"Na mashine?" mzee wa nyuma akauliza.

"Mashine wamefunga kamba. Si mmeona? Kilio ikiwa haijafungwa, nani atasagisha? Watoto wake iko na njaa. Anawasikia huko chini. Ndo anakuja kuzungusha mwenyewe, maiti wa watu, anafanya kazi yenye wazima wamekataa kufanya."

Mkono wa nyokuru ukaniachia. Nikatazama juu. Alikuwa amefunika mdomo wake na kitambaa.

Sasa mwisho. Yule mke wa nyeusi akatoka ku nyumba. Anatembea mu unga, ana kisu. Anasema maneno, midomo yake iko mu kivuli. Karoli anasema pole pole, kama anaongea na mtu moja: "Anasema, mume wangu, umetembea vya kutosha. Tumekulilia, tumemaliza. Nenda." Akakata kamba ya kwanza. Akakata nyingine. Mashine ikazunguka, mbio, mbio, na unga ukaanguka mwingi, ukafunika nyayo zote mpaka hakuna hata moja.

"Amelala," Karoli akasema. Na akanyoosha fimbo yake, akavuta blanketi ya dirisha, jua ikaingia puu! Ukuta ukawa ukuta. "Imeisha. Muende nyumbani na amani."

Mwenye mashine alipiga kelele huko nyuma na Kifaransa chake, anarusha mikono. Nani atamsikia? Tulishaamka.

Njia nzima nyokuru alienda mbio, mi namfuata. Tulipofika, hakukaa. Alisimama ku mlango, uso ameelekeza njia ya Kobero, na Mama ndani amesimama na mwiko wake anashangaa.

"Mwana wangu," nyokuru akasema, kwa nguvu, majirani wakasikia. "Umetembea vya kutosha. Mi ndo nilikuwa nakuzuia. Nenda."

Halafu akaingia, akainua mkeka wake, akatoa kichwa ya jembe. Imeota kutu. Akaipanguza na ile nguo yake nyeusi, akampa Mama.

"Tafuta mpini, mukazana wangu. Ita watu. Tunaganduka."

Mi nililia kuliko siku ile koti ilipofika, juu sasa ndo baba alikuwa ameenda. Nyokuru aliniona, akanibeba, mi na ukubwa wangu, akakaa ku kigoda cha baba na mi ku mapaja yake. Sikumsukuma. Watu walikuja, impeke haikuwa nyingi, ilikopwa huku na huku mu vibuyu vya majirani, tukanyolewa vichwa sote mpaka tukafanana kama mayai. Jembe ya kwanza, nyokuru aliipiga mwenyewe. Maharage yetu ilichelewa. Majirani walikuwa wanavuna na yetu bado inatoa maua, watu wakatucheka. Mais ilitoka! Haikujaza gunia, mais tulikula, na hakuna mtoto mu ile nyumba alishikwa na homa.

Bon. Turudi hapa Gitega, ku salo.

Yule mama ametoka na kisu, mi niko nasema maneno pamoja naye, kwa sauti, vile Karoli aliyasema. "Umetembea vya kutosha, nenda." Divine ananitazama vile mnatazama mtu anaongea na kuku.

"Bibi. Hasemi hivyo."

"Anasema."

"Bibi, mi nasikia Kifaransa. Anasema, najua uko mu hiyo mashine, toka. Anamwambia ndugu ya mume wake. Ndo alimuua, juu ya urithi. Amejificha ndani, huyu mke anakata kamba ili mashine imtupe nje, polisi wamshike. Wale wa kofia ni mapolisi."

"Na kilio?"

"Hakuna kilio. Hakuna mtu amesema habari ya kilio tangu mwanzo." Akaanza kucheka, si kwa ubaya. "Bibi wangu masikini, mlidanganywa! Sale nzima!"

Mama Shukuru, mwenye sasa miguu ilikuwa imeshaingia ndani na mwili wote umefuata, akaweka kikombe chini. "Mwalimu wa dini? Alidanganya mu nyumba ya Mungu?"

Na kweli, ku televizyo mtu anaanguka kutoka mu mashine, polisi wanamkamata. Mi maisha yangu yote sikuona huyo mtu. Karoli alikuwa ameshavuta blanketi.

Iliniuma, siwafichi. Halafu nikasikia kitu kinapanda kifuani, na haikuwa huzuni, ilikuwa hasira nzuri, ile ya asubuhi.

"Alidanganya," nikasema. "Ego, ndiyo. Na mi nampigia makofi mpaka leo, na mkitaka nitampigia mbele ya padri. Sikilizeni nyinyi wawili. Huyo polisi anajua kitu moja, nani aliua. Karoli alijua nani iko anakufa."

"Mais Bibi, filme ni filme, huwezi kuibadilisha."

"Hii unaweza! Si ndo nakwambia tangu mwanzo kama iko nzuri? Angalia. Maiti hawakumwonyesha. Nyayo hawakuzieleza. Mbwa hakusema kwa nini anafurahi. Iko na mahali ya kuingia, kama nyumba ya watu wazuri. Filme zako za kaflash, kila mtu anaeleza kila kitu na muziki juu yake, Karoli angeingia wapi? Kungekuwa hata pa kupitisha sindano?"

Mama Shukuru akasema, "Ule mkia wa mbwa, Mama, uko na ukweli."

"Umeona! Na ulisema mapepo."

"Mapepo yako. Mais mbwa iko na ukweli."

Divine anatikisa kichwa. "Sawa. Karoli alishinda. Mais subiri, Bibi, haijaisha."

"Imeisha. Amelala."

"Haijaisha, angalia."

Nikaangalia. Mi sikujua kama iko na kitu tena nyuma ya blanketi ya Karoli. Polisi wanapanda gari yao, wanaenda na yule mwuaji. Mashine imesimama. Watu wa kijiji wanapita, wanafunga milango. Na yule mke, na nguo yake ile ile nyeusi, anarudi ku nyumba, anakaa ku dirisha, ku kiti kile kile, anaangalia nje, unga unaanguka. Maandishi yakaanza kupanda juu ya uso wake.

"Ndo mwisho?" nikauliza.

"Ndo mwisho, Bibi."

"Wamemwacha hapo?"

"Kesi imekwisha, Bibi. Mwuaji wamemkamata."

"Nauliza yeye. Nani amekuja kumnyoa? Nani amempa jembe?"

Mama Shukuru akavuta mdomo wake pembeni. Na maandishi yanapanda, yanapanda, na yule mwanamke bado iko nyuma yake, kijana, mikono ku mapaja, ameketi kabisa vile Mama yangu alikuwa anaketi.

Basi nikaamka, magoti yangu yakalia. Nikaenda mpaka mbele ya televizyo, nikainama karibu na uso wake, nikamwambia kwa sauti, na wasikie wenye wanasikia:

"Simama, dada. Kilio chako mi nimekifunga leo. Toka hapo ku dirisha, mvua iko inapita, nenda ulime."